Inchi 75 za bei rahisi au 55 za jina linalojulikana?

"Yaya, sisi tuko Katuba, hapa Lubumbashi. Televisheni yetu ya inchi 32 iliungua mwezi wa tatu. Siku hiyo umeme ulikuwepo na hapakuwa na mvua. Ghafla taa za nyumba zikawaka nyeupe kupita kawaida, balbu mbili zikapasuka, televisheni ikafanya 'pa!' na harufu ikajaa chumba. Ilikuwa imechomekwa kwenye stabilizateri, kile kifaa cha kusawazisha volti, ya VA 500. Jirani wa upande mmoja aliunguza friji, lakini wa upande wa pili anasema taa zake zilififia tu. Sasa tumekusanya dola 800. Mjini kuna duka linauza inchi 75, '4K QLED Smart', ya jina nisilolijua, kwa dola 780. Duka lingine lina inchi 55 ya jina linalojulikana, 4K, kwa dola 590, na 65 ya jina hilohilo kwa 790. Saloni yetu ni mita 4 kwa 3 na nusu, na kutoka kwenye kanape hadi ukutani ni kama mita 2.80. Tunaangalia habari na mpira kwenye dekoda, watoto wanaangalia filamu kwenye flashi. Bibi yangu, yaani mke wangu, anaitaka ile 75. Mama yangu anasema kioo kikubwa kitaharibu macho ya watoto. Mimi naogopa umeme tu. Tununue ipi? Na je, stabilizateri kubwa zaidi itatosha?"

Mdogo wangu, pole kwa hiyo hasara. Nikuambie kwanza jibu, halafu tuzungumze sababu bila haraka: kwa hizo dola 800 mimi ningechukua 55 ya jina linalojulikana, na dola 210 zinazobaki nisingezitumia kwa kitu kingine ila umeme. Lakini usimwambie bibi yako kwamba nimesema 75 ni kubwa mno kwa saloni yenu. Sijasema hivyo, na si kweli.

Tuanze na hofu ya mama. Haikutoka hewani. Televisheni za zamani zilikuwa na tyubu ya kioo iliyofanya kazi kwa volti zaidi ya 20,000, na mwaka 1967 huko Marekani kampuni ya General Electric ilitangaza kwamba baadhi ya televisheni zake za rangi zilikuwa zikitoa eksirei kupita kiwango. Wazazi wengi wakaanza kuwavuta watoto nyuma. Televisheni bapa za leo hazina tyubu hiyo. Ndani yake mna taa ndogo za LED, karatasi kadhaa za plastiki na kioo. Eksirei haiwezi kutoka humo. Kinachochosha macho ni kukodoa muda mrefu bila kupepesa, na kuangalia kioo kikali ndani ya chumba cheusi. Acheni taa ndogo iwake upande wa nyuma ya televisheni, na mpunguze mwanga wake usiku. Ila kitu kimoja: kama kuna mtoto anayesogea karibu na kioo kila mara, hata kikiwa kikubwa, mpelekeni apimwe macho. Huenda haoni mbali, na televisheni imewasaidia kugundua.

Sasa ukubwa. Inchi wanazotaja ni za kukata kona kwa kona, kwa hiyo hazikuambii upana. Kioo cha 55 kina upana wa sentimita 122 hivi na kimo cha 68. Cha 65 ni 144 kwa 81. Cha 75 ni 166 kwa 93. Watu wa sinema hupendekeza picha ijaze nyuzi 30 hivi za uwanja wa macho, na hesabu yake ni rahisi: zidisha upana kwa 1.87 upate umbali wa kukaa. Kwa 55 inatoka mita 2.28, kwa 65 mita 2.69, kwa 75 mita 3.10. Kanape yenu iko 2.80. Maana yake, kwa umbali peke yake, 65 ndiyo inayowakaa vizuri. 75 itajaza macho kidogo zaidi, nyuzi 33 hivi, jambo ambalo mtu wa filamu hulipenda. 55 itakuwa ya kawaida, nzuri kwa habari na mpira, bila ile hali ya kuwa sinema. Kabla ya kulipa, bandikeni magazeti ukutani kwa vipimo hivyo, mkae kwenye kanape jioni moja. Itamaliza ubishi wa nyumbani kuliko maneno yangu.

Sababu ya kwanza ya kutoikimbilia 75 ni kile mnachoangalia. 4K maana yake kioo kina vinukta 3,840 kwa 2,160, jumla kama milioni 8.3. Chaneli nyingi za kawaida kwenye dekoda bado zinakuja na picha ya vinukta 720 kwa 576, ambayo ni 414,720. Gawanya utaona: kila kinukta cha chaneli kinasambazwa juu ya vinukta 20 vya kioo. Ni bukari (ugali) ya mtu mmoja iliyopakuliwa kwa watu 20. Televisheni hujaribu kubuni vilivyokosekana, nyingine kwa ustadi na nyingine vibaya, na hapo ndipo kampuni zenye jina hutumia pesa kwenye chipu ya kuchakata picha, na zisizo na jina hubana. Kwa hiyo ukileta 75 ya bei rahisi, habari za jioni zinaweza kuonekana mbaya kuliko kwenye ile 32 ya zamani. Nyasi za uwanja zitakuwa rangi moja iliyokorogwa, na namba mgongoni mwa mchezaji wa Mazembe utaisoma tu kamera ikimsogelea. Chaneli za HD ni afadhali sana. Angalieni kama abonema yenu, yaani malipo yenu ya chaneli, inazo na kama dekoda imeunganishwa kwa waya wa HDMI, maana nimekuta nyumba nyingi zenye dekoda ya HD iliyochomekwa kwa zile nyaya tatu za nyekundu, nyeupe na njano. Nyaya hizo hazipitishi HD. Mtu amelipa mwaka mzima, anaona nusu.

Na tofauti ya 4K yenyewe haionekani popote unapokaa. Jicho zuri linatenganisha vitu vilivyo mbali kwa sehemu moja ya 60 ya nyuzi. Kwenye kioo cha 55 cha Full HD, yaani vinukta 1,920 kwa 1,080, vinukta vyake vinapotea machoni ukishakaa mita 2.20 au zaidi. Nyinyi mko 2.80. Hiyo 4K ya 55 mtaipata bure kwa sababu siku hizi karibu kila kioo kikubwa kimetengenezwa hivyo, lakini msiilipie zaidi.

Maneno mengine ya kwenye katoni nitayapita haraka. QLED bado ni LCD, kioo cha kawaida kinachomulikwa kwa nyuma, ila imeongezewa safu ya chembe ndogo mno zinazogeuza mwanga wa bluu kuwa nyekundu na kijani safi. Ikitengenezwa vizuri rangi hupendeza, na ikiandikwa tu kwenye katoni haikusaidii. HDR, yaani picha yenye tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza, bila mwanga wa kutosha ni alama ya karatasi. OLED ni kitu kingine kabisa: kila kinukta kinajiwakia chenyewe na weusi wake ni weusi kweli. Bei yake imepita mfuko wenu, na kwa nyumba inayoacha chaneli moja ya habari kutwa nzima ile nembo ya pembeni huweza kubaki imechoreka kwenye kioo. "Smart" nayo isikusumbue. Programu za ndani huzeeka kabla ya kioo, na siku zikigoma utachomeka kijisanduku kwenye HDMI. Isitoshe, Netflix wenyewe wanasema picha ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa na ya 4K hadi GB 7. Kwa bei ya megabaiti zetu, watoto wataendelea na flashi.

Sababu ya pili ni ile ninayokutana nayo kwenye meza yangu ya kutengeneza televisheni. Televisheni ya LCD haina mwanga wake. Nyuma ya kioo kuna bara za LED, vipande vyembamba vya alumini vyenye taa zilizopangwa mstari, kila taa imefunikwa na lenzi ndogo ya plastiki. Kioo cha 75 kina eneo karibu mara mbili ya 55. Sasa jiulize: mtu anayekuuzia eneo karibu mara mbili kwa dola 190 tu za ziada amepunguza wapi? Mara nyingi amepunguza idadi ya taa, halafu akazilazimisha kuwaka kwa nguvu zaidi ili dukani kioo king'ae. Joto linapanda. Ukifungua televisheni kama hiyo iliyokufa unakuta karatasi nyeupe ya nyuma imekuwa ya kahawia kuzunguka kila taa, lenzi nyingine zimeng'oka na kuanguka chini. Lenzi iking'oka, kwenye picha panatokea duara jeupe kama tochi. Taa moja ikikatika, kwa sababu zimefungwa mfululizo, mstari wote unazima, na mara nyingi sakiti inazima mwanga wote kwa kujilinda.

Hapo mteja hunipigia simu: "Sauti ipo, picha hakuna." Ikikutokea, zima taa za chumba, washa tochi ya simu, iweke karibu na kioo kwa kuinamisha. Ukiona kivuli cha watu wakitembea humo ndani, kioo ni kizima na zilizokufa ni bara tu. Hiyo inatengenezeka. Kwa televisheni ya jina, bara huuzwa seti nzima kwa namba iliyochapwa juu yake, na mafundi wa hapa wanaziagiza bila shida. Kwa jina lisilojulikana fundi anaanza kutafuta za kufanana: urefu huu, taa za volti 3 au za volti 6, akate hapa, aunge pale. Na kumbuka kwamba ili kufikia bara lazima kioo chenyewe kiinuliwe. Cha 75 kinahitaji watu kadhaa wenye mikono mitulivu, na kikipata ufa hadithi imeisha, kwa sababu kioo peke yake kinakaribia bei ya televisheni nzima.

Simaanishi kwamba kila jina geni ni takataka. Kampuni chache tu duniani hutengeneza vioo, na hata jina usilolijua huweza kuwa limefungwa kioo kizuri. Ila kwa nje huwezi kujua, na mwenye duka hajui pia.

Sasa tuje kwenye kilichoiua ile 32, maana hapo ndipo pesa yenu itapona au itapotea tena.

Umenieleza mambo mawili ambayo wengi husahau kuyataja: balbu zenu zilipasuka, na taa za jirani wa pili zikafifia wakati huohuo. Kwa ushahidi huo nina karibu hakika kwamba nyutro, waya wa kurudisha mkondo, ilikatika mahali fulani, kwenye nguzo au karibu na kabini ya transfoma. Umeme unaokuja mtaani una nyaya tatu za fazi, zinazoleta umeme, na moja ya nyutro. Kati ya fazi na nyutro kuna volti 220, ndizo mnazotumia. Kati ya fazi na fazi kuna 380. Nyutro ikiwa nzima, kila nyumba inapokea 220 zake na mkondo unarudi kwa amani. Nyutro ikikatika, mkondo uliopita nyumbani kwenu unatafuta njia nyingine ya kurudi, na njia iliyopo ni kupitia nyumba za walio kwenye fazi nyingine. Hapo nyinyi na jirani mnakuwa mmefungwa mfululizo, mnagawana zile 380, na mgawanyo si wa haki: aliyewasha resho, jiko la umeme, anapata volti chache, aliyewasha taa mbili na televisheni anapata nyingi. Yeye anaweza kubaki na 80 akaona taa zimefifia, nyinyi mkapokea 300. Yule wa friji huenda yuko kwenye fazi yenu.

Ndani ya televisheni, umeme ukishapita fiuzi unageuzwa kuwa wa mkondo mmoja na kuhifadhiwa kwenye kapasita kubwa, ambayo kwa kawaida imeandikwa volti 450, nyingine 400. Volti 220 za prizi zikigeuzwa zinafika kama 311, kuna nafasi. Volti 300 zikigeuzwa zinafika 424, tuko ukingoni. Volti 350 zinakuwa 495, na kifuniko cha kapasita kinafunguka kwa kishindo. Hiyo ndiyo "pa!" yenu, au kilikuwa kile kisahani kidogo cha varista, cha kumeza volti za ziada, kilicho kabla yake, na harufu ni ya dawa iliyomo ndani.

Je, stabilizateri kubwa zaidi ingeokoa? Hapana. Hiyo VA 500 au VA 2,000 inaeleza mzigo ambao mashine inaweza kubeba, haielezi volti inazoweza kuvumilia. Stabilizateri nyingi za madukani hufanya kazi kati ya volti 140 na 260 hivi, zikibadilisha hatua kwa hatua kwa zile swichi za ndani zinazolia "tak, tak". Zimetengenezwa kwa umeme unaoshuka na kupanda taratibu. Zikiletewa 350 nazo zinaungua, na ile kubwa ingeungua kwa bei kubwa. Tena televisheni nyingi za kisasa zimeandikwa volti 100 hadi 240, yaani kushuka kwa volti zinajirekebishia zenyewe. Stabilizateri inafaa friji. Kwa televisheni faida yake ni ndogo.

Kinachofaa ni kifaa cha kukata. Kuna aina inayofungwa ndani ya boksi la disjonteri, ile swichi kuu ya nyumba, ina vitarakimu vinavyoonyesha volti, nawe unaipangia: ikizidi 250 kata, ikishuka chini ya 180 kata, umeme ukirudi subiri. Inalinda nyumba nzima, pamoja na friji. Chagua iliyoandikwa kwamba yenyewe inavumilia volti 380 au 400, na ambayo ampea zake hazipungui za disjonteri yenu kubwa. Ifungwe na fundi wa umeme mwenye kipimo mkononi, si kijana wa kuunganisha nyaya kwa meno. Kule kusubiri kuna maana kubwa hapa kwetu. Baada ya delestaji, yaani mgao wa umeme, umeme ukirudi mtaa mzima unawaka kwa pamoja, friji zote zinaanza kuvuta, na kwa dakika za mwanzo volti zinapanda na kushuka ovyo. Panga dakika tatu. Kabla hujafunga kifaa hicho, fanya kwa mkono: umeme ukikatika chomoa, ukirudi ngoja mpaka taa zitulie.

Radi ni habari nyingine. Hakuna kifaa cha dola 30 kitakachozuia radi iliyopiga karibu, na kati ya Novemba na Machi Lubumbashi tunapata za kutosha. Ukisikia ngurumo ya kwanza, chomoa waya wa prizi na pia waya wa antena ya sahani nyuma ya dekoda. Wengi huchomoa umeme tu, radi inaingia kwa sahani, inapita HDMI na kuua televisheni iliyozimwa. Na kama nyumba haina waya wa ardhi, ulizeni fundi awachimbie, sehemu isiyokauka sana kama karibu na bomba la maji, maana udongo wetu mwekundu mwezi wa nane umekauka kiasi kwamba fimbo fupi haishiki chochote.

Mkitaka kuangalia hata wakati wa delestaji, ukubwa unarudi tena kwenye hesabu. Betri ya volti 12 na Ah 100 ina Wh 1,200, lakini ile ya risasi usiivute zaidi ya nusu ukitaka idumu. Toa hasara ya inveta, unabaki na kama 500. Televisheni ya 55 yenye mwanga wa wastani hula wati 90 hadi 120, ongeza 15 za dekoda: saa nne hivi. Ya 75 inaweza kufika wati 180 au zaidi, na hapo mechi moja yenye muda wa nyongeza na penalti inaweza kuimaliza betri. Wenye grupu dogo (jenereta), washeni grupu kwanza, liache litulie, ndipo mchomeke televisheni; na mchomoe kabla ya kulizima.

Siku ya kununua usikubali katoni iliyofungwa, hata muuzaji aapie. Mizigo yetu mingi inafika kwa malori kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na kioo kilicholazwa chini ya magunia hupasuka bila katoni kuonyesha kitu. Fungueni palepale, iwashwe kwa dakika 20. Nenda na flashi yenye picha tano ulizotengeneza kwenye simu au kompyuta: nyeupe tupu, nyeusi tupu, nyekundu, kijani, bluu. Kwenye nyeupe tafuta madoa na pembe zenye kivuli. Kwenye nyeusi, wakuzimie taa za duka kidogo, uone kama kuna mwanga unaovuja pembeni. Kwenye rangi tafuta vinukta vilivyokufa. Halafu cheza filamu yenye sehemu za giza, ukiangalia ukiwa umesimama pembeni, kwa sababu vioo vingine rangi hupauka ukitoka katikati, na saloni yenu najua kuna watakaokaa ubavuni. Mwombe muuzaji aitoe kwenye hali ya duka aiweke ya nyumbani. Ile ya duka inakuza mwanga na rangi ili ushangae.

Toa futi mfukoni, pima kona kwa kona sehemu inayowaka tu, bila fremu: 55 iwe sentimita 139 hadi 140. Kisha geuza nyuma usome kibandiko. Kinatakiwa kuonyesha volti 220 hadi 240, au 100 hadi 240, na Hz 50/60. Ukiona volti 120 na Hz 60 peke yake, hiyo ilitengenezwa kwa Marekani, itaungua siku ya kwanza mkiichomeka, na hata ukiiwekea transfoma kipokezi chake cha matangazo hakitashika matangazo ya antena ya huku. Hili lina umuhimu hasa kwa zile okazio, zilizokwisha kutumika. Dai risiti yenye namba ya televisheni na siku za garanti kwa maandishi, na uulize fundi wao wa garanti yuko wapi hapa mjini. Jibu la "tutaituma Dubai" ni sawa na kutokuwa na garanti.

Kuibeba nyumbani: isimame wima, watu wawili, isilazwe kwenye taksi hata kwa dakika tano. Kama mnaitundika ukutani, katikati ya kioo iwe karibu na usawa wa macho ya mtu aliyeketi, si juu ya mlango kama kwenye baa. Matofali ya kuchoma yanashika bolti vizuri. Ukuta wa matofali mabichi ya udongo wa kichuguu usiuamini, wekeni juu ya meza nzito na mfunge kamba nyuma ili mtoto asiiangushe. Ukishaiwasha, nenda kwenye mipangilio ya picha, uchague hali ya sinema, ushushe mwanga wa nyuma hadi asilimia 60 au 70. Bara zitawaka baridi zaidi na zitaishi muda mrefu. Kuna pia kitu kinacholainisha mwendo wa picha: kwa mpira kiweke kidogo, kwa filamu kizime.

Mtauliza vipi kuhusu ile 65 ya 790. Nayo ni nzuri, na ingekuwa bora zaidi kwa umbali wenu. Ila itawaacha na dola 10, na mkiichomeka kwenye prizi ileile iliyoua 32, mtakuwa mmecheza kamari kwa 790. Kama mnaweza kungoja miezi michache mkusanye pesa ya kifaa cha kukata na kazi ya fundi, chukueni 65, nami sitabisha. Kama bibi yako hataki kungoja, chukueni 55 leo na ulinzi leoleo.

Kabla hata ya televisheni mpya kuingia ndani, mwiteni fundi wa umeme apime volti kwenye prizi asubuhi na jioni, akaze viungo vya boksi la konta (mita ya umeme), hasa vya nyutro upande wenu. Mkiona tena taa zinawaka kali kwenu huku za jirani zikififia, shusheni disjonteri kubwa hapohapo, waambieni majirani wafanye hivyohivyo, na muwaite watu wa SNEL, shirika la umeme. Nguzo si ya fundi wa mtaani wala si ya kupanda wenyewe. Ile 32 iliyokufa msiitupe na msiifungue nyumbani, kapasita huweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomolewa. Mpelekeeni fundi aangalie. Kama iliyoungua ni sehemu ya umeme peke yake, itawaka tena kwa pesa kidogo, na watoto watakuwa na ya kwao ya filamu chumbani.